Mkwe wangu wa Kanada anataka kunitumia redio ya satelaiti. Nikubali?

Wandugu wa safu, jambo yenu.

Mimi ni mama mshonaji, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nashonea nyumbani toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na muda wote huo redio inaongea pembeni ya mashini. Nataka mambo matatu tu: habari kwa Kiswahili, kwaya, na rumba ya zamani. Redio yangu ndogo inashika stesheni mbili tatu vizuri. Zingine zinakwaruza, hasa umeme ukiwepo. Ukikatika, nikikanyaga mashini kwa miguu, zinasikika afadhali kidogo. Sijui kwa nini.

Sasa nina mashauri matatu. Mkwe wangu anayekaa Montréal anataka kunitumia redio ya satelaiti ya SiriusXM kama ile anayosikiliza kwenye gari lake. Anasema ina stesheni zaidi ya mia bila makwaruzo, na abonema atalipa yeye. Sokoni kuna muuzaji mwenye redio kuukuu ya WorldSpace, yenye antena bapa ya mraba. Anasema inashika satelaiti bure, kazi ni kuitafutia upande tu. Jirani naye ana parabole na dekoda, na ananiambia ndani ya dekoda mna redio nyingi, ninunue kama yake. Sisi tuna televisheni ndogo, parabole hatuna.

Shida zangu: umeme wa SNEL unakatika karibu kila siku. Nina betri ya volti 12, Ah 7, na sola ya wati 20. Nyumba ni ya mabati. Upande wa kaskazini-magharibi jirani mwingine amejenga etaje, na kuna mwembe. Pesa ninayo ya kitu kimoja. Redio ya satelaiti inafaa kweli kwa kusikiliza nyumbani, au nitatupa pesa?

Mama mshonaji, Katuba

JIBU

Mama, jambo. Mkwe asitume, na ya sokoni usinunue. Parabole ya jirani ni kitu kizuri, lakini si kwa kazi yako. Sentensi iliyotushika zaidi kwenye barua yako si ya satelaiti: ni ile ya makwaruzo kuongezeka umeme ukiwepo. Tutaifikia, maana pesa yako iende huko kwanza.

Tuanze na ya Kanada, ambayo inakwisha haraka. SiriusXM inatangaza kwa ajili ya Amerika Kaskazini peke yake. Satelaiti zake zinakaa juu ya ikweta, karibu nyuzi 85 na nyuzi 116 za longitudo ya magharibi. Lubumbashi iko nyuzi 27.5 mashariki. Satelaiti ya aina hiyo inaonekana tu mahali palipo ndani ya nyuzi 81 hivi kutoka ilipo, na sisi tuko zaidi ya 110 kutoka ile ya karibu. Kwa hiyo kutoka Katuba satelaiti hizo ziko chini ya upeo wa macho, zimefichwa na dunia yenyewe. Hakuna antena wala fundi atakayezishika. Mkwe akisema basi utumie programu ya simu, nayo huduma hiyo imefungwa kwa wateja wa Marekani na Kanada. Abonema angelipa kila mwezi, na wewe ungekuwa na kisanduku kimya mezani.

Ya sokoni ni tofauti: hiyo ilitengenezwa kwa ajili yetu hasa. WorldSpace ilianzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, na satelaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, ikawekwa nyuzi 21 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu. Ilitumia masafa ya 1467 hadi 1492 MHz, ambayo mvua haiyasumbui, ndiyo maana kiantena kidogo kilitosha. Lakini kampuni iliingia katika kesi ya kufilisika Oktoba 2008 na matangazo yakafungwa. Redio hizo zina namna yao ya pekee ya kufungua mawimbi, haziwezi kushika satelaiti nyingine yoyote. Muuzaji anaposema kazi ni kuitafutia upande, jua kwamba upande huo haupo tena. Baadhi ya modeli zina pia FM na masafa mafupi. Ukiiona inaongea FM vizuri pale pale sokoni, inaweza kununuliwa kwa bei ya redio ya kawaida iliyotumika, si franga moja zaidi.

Sasa parabole. Hapa kuna redio ya kweli na ni hai. Satelaiti zinazobeba televisheni hubeba pia stesheni za redio kwenye mawimbi yale yale, na nyingine haziko chini ya kadi wala abonema. Dekoda yoyote ya kupokea chaneli za bure huzishika. Sauti ni safi, haina makwaruzo hata kidogo: ama inasikika, ama inakatika kabisa. Makosa ya watu ni kununua kwanza na kuuliza baadaye. Kabla ya kutoa pesa, mwambie kijana mwenye intaneti afungue jedwali la LyngSat (tovuti inayoorodhesha chaneli na redio za kila satelaiti), achague satelaiti ambayo fundi anataka kukufungia, aangalie stesheni za redio zisizofungwa, na aangalie pia kama mwale wake, yaani eneo inakoelekeza mawimbi, unafika kusini mwa Kongo. Satelaiti moja huwa na miale kadhaa, na redio unayoitaka inaweza kuwa kwenye mwale wa Ulaya. Orodha hizo hubadilika bila taarifa. Stesheni ya leo inaweza kuhama mwezi ujao. Na usitegemee redio za Lubumbashi humo. Kwaya ya parokia yenu na matangazo ya misiba yako FM.

Etaje ya jirani isikutie hofu. Tuko karibu na ikweta, satelaiti nyingi za Afrika ziko juu sana kwetu. Ile ya nyuzi 16 mashariki, ukiwa Lubumbashi, iko kaskazini-magharibi kamili, na imeinuka nyuzi 71. Ya nyuzi 36 mashariki iko kaskazini ukielekea kidogo mashariki, nyuzi 37 kutoka kaskazini, na imeinuka 73. Kwa kuinuka nyuzi 71, kitu kinaziba tu kama urefu wake juu ya parabole unazidi mara tatu hivi umbali wake. Mwembe uliozidi parabole kwa mita 5 utaziba ukiwa umbali wa chini ya mita 1.7. Weka sahani mita tatu kutoka kwenye matawi, kazi imekwisha. Ingekuwa satelaiti ya nyuzi 22 magharibi, mambo yangebadilika: hiyo imeinuka nyuzi 32 tu, na etaje ingeweza kuifunika.

Ukija kufunga siku moja, au ukimsimamia fundi, angalia mambo haya. Sahani ya sentimita 80 hadi 90 inatosha kwa masafa ya Ku, yale ya GHz 11 na 12. Sahani za kawaida si za duara kamili. Zimekatwa kwa namna ambayo uso wake hulala nyuma nyuzi 25 hivi pungufu ya upande inakotazama. Kwa hiyo ukitafuta nyuzi 71, sahani yenyewe utaiona imelala kama nyuzi 46. Wengi huilaza mpaka 71, wanazunguka nusu siku bila kupata kitu, kisha wanasema dekoda ni mbovu. Usipime upande kwa dira ukiwa umesimama juu ya mabati, chuma kinaivuta. Pima chini, uchague alama ya mbali, ndipo upande. Nguzo isimame wima kabisa, ipimwe kwa pima maji pande mbili.

Kosa linalofanyika zaidi katika nchi za ikweta ni kichwa cha parabole, ile LNB. Fundi aliyejifunza kwa picha za Ulaya hukiacha wima. Kwetu mawimbi yanafika yameinama sana: kwa satelaiti ya nyuzi 16, kichwa kizungushwe karibu nyuzi 44, kwa ile ya 36, karibu nyuzi 36. Kikiachwa wima utapata nusu ya chaneli, au hizo hizo zitakufa mvua ikianza tu kunyesha. Mtu mmoja akizungushe polepole kwenye kishikio chake huku mwingine anasoma kwenye skrini. Na asome mstari wa ubora, si wa nguvu. Nguvu 80 na ubora sifuri maana yake umeishika satelaiti nyingine, au hujaishika yoyote. Kwenye menyu, LNB ya kawaida ya Ku huandikwa 9750/10600, na toni ya kHz 22 iwe otomatiki. Kebo iwe RG-6 ya ohm 75, isizidi mita 30 hivi. Uzi mmoja wa wavu wa kebo ukigusa waya wa kati ndani ya kichwa cha F (kile kiungo cha kufungia ncha ya kebo), dekoda inaandika kuwa kuna shoti na inakata umeme wa LNB. Funika kiungo cha nje kwa mpira au tepu, na uache kitanzi kidogo cha kebo kinachoning'inia ili maji yadondoke badala ya kuingia.

Redio zikishaingia zinakaa kwenye orodha nyingine. Bonyeza kitufe cha TV/RADIO kwenye rimoti, la sivyo utaapa kwamba hazipo. Huna haja ya kuwasha televisheni kutwa: kutoka nyuma ya dekoda chukua waya mwekundu na mweupe, uingize kwenye spika yenye nguvu yake, ule wa njano uuache. Dekoda ndogo nyingine zina tundu moja la waya wa pini. Pini hizo hazipangwi sawa kwa kila kiwanda, na ukitumia waya wa dekoda nyingine utasikia mvumo tu. Kama dekoda ina HDMI peke yake, iache dukani. Stesheni zako zipange namba 1, 2, 3 ili uzibadilishe kwa namba bila skrini. Zima pia ile mipangilio ya kujizima yenyewe baada ya saa chache, la sivyo itakuacha katikati ya habari.

Yote hayo yanawezekana. Kinachokataa ni betri yako. Dekoda ndogo pamoja na LNB hula wati 10 hivi, na spika wati 5. Hizo ni 15. Betri ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84, na betri ya risasi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, maana inakufa mapema. Nusu ni 42, yaani muda usiofika saa tatu. Siku yako ya kazi ni saa 11, inataka wati-saa 165. Sola ya wati 20, jua likiwaka vizuri saa nne au tano, inaleta 80 hadi 100 kabla ya kutoa zinazopotea njiani. Haitoshi hata kiangazi, na wakati wa mvua usiizungumze. Redio ya FM kwa sauti ya chumbani inakula wati 1 au pungufu. Nusu ile ile ya betri inaiongesha saa 40.

Kisha kuna mvua. Masafa ya Ku hunyonywa na matone makubwa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua kubwa ya alasiri ikija, parabole ya sentimita 80 itanyamaza, dakika kumi au zaidi. Radi nayo: ikianza kunguruma chomoa umeme na kebo ya parabole, vyote viwili. Wengi huchomoa umeme tu, radi inaingia kupitia kebo. Mwisho wa Machi na katikati ya Septemba kuna siku chache ambapo jua linapita nyuma ya satelaiti, na sauti inakatika kwa dakika chache mchana. Hiyo si ugonjwa wa dekoda, usimlipe fundi.

Sasa turudi kwenye makwaruzo. Stesheni inayosikika afadhali umeme ukikatika haina tatizo la kukosa mawimbi. Kuna kitu nyumbani kinaipigia kelele. Jaribu hivi asubuhi moja umeme ukiwepo. Weka redio kwenye betri zake, ichague stesheni inayokwaruza. Simamisha mota ya mashini. Ikitulia, mwizi ni mota: mota nyingi za mashini za kushona zina brashi za kaboni, na brashi zilizoisha hutoa cheche ambazo kila redio ya karibu inazisikia. Brashi mpya ni kitu kidogo, zinauzwa kwa mafundi wa mashini. Kama haikutulia, chomoa chaja za simu moja moja, kisha toa balbu za LED moja moja. Chaja na balbu za bei ya chini mara nyingi hazina kichujio ndani. Mwisho chomoa kidhibiti cha sola. Utakayemkamata, mbadilishe au msogeze mita mbili mbali na redio.

Ukishanyamazisha nyumba, toa antena nje. Chini ya mabati na kati ya nondo za madirisha redio inasikiliza ikiwa ndani ya sanduku la chuma. Chukua nyaya mbili za shaba, kila moja sentimita 74. Zinyooshe kwa mstari mmoja juu ya ubao mkavu au mwanzi, ncha zao za katikati zikiachana sentimita mbili. Waya wa kati wa kebo ya RG-6 uungwe kwenye uzi mmoja, wavu wake kwenye wa pili. Pandisha juu ya paa, angalau mita moja kutoka kwenye mabati. Jaribu kwanza ukiwa umelaza, kisha ukiwa umesimamisha, stesheni hazifanani. Urefu huo umekatwa kwa MHz 96 hivi, karibu kabisa na Radio Okapi ya Lubumbashi kwenye 95.8, ambayo Kiswahili ni moja ya lugha zake tano, na unatosha kwa FM yote. Kama redio haina tundu la antena, bana waya wa kati wa kebo kwenye fimbo yake kwa kibanio cha nguo chenye chuma. Ikitokea stesheni moja inajitokeza mahali pawili patatu kwenye skeli, redio imezidiwa na mawimbi; fupisha fimbo, usiongeze kebo.

Kwa habari za nje zinazopita wakati una wateja, tumia simu. RFI Kiswahili na DW Kiswahili ziko kwenye intaneti, na vipindi hubaki hapo uvisikilize baadaye. Kusikiliza moja kwa moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde kunakula mega 29 kwa saa. Ukiacha simu iimbe saa 11 kwa siku 26 ni zaidi ya giga 8, hapo abonema ya satelaiti ingekucheka. Saa mbili kwa siku ni giga 1.5 kwa mwezi. Ukipakua vipindi usiku kwa inite za usiku, ni pungufu.

Mkwe usimvunje moyo, ana nia njema. Mwombe redio ndogo ya FM na masafa mafupi, yenye betri ya kuchaji na tundu la antena ya nje, lakini mwambie aangalie mambo mawili dukani. Redio za namba (zinazoonyesha stesheni kwa tarakimu) zilizotengenezwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini mara nyingi huruka hatua za 0.2 MHz, kwa namba witiri tu: 95.7, kisha 95.9. Hiyo 95.8 yako itapita katikati yao. Achague inayoruhusu kubadilisha hatua kuwa 0.1 au 0.05. Na chaja yake iandikwe 100–240 V. Ya volti 120 peke yake, ukiichomeka hapa kwenye 220, itatoa moshi.